Databesi gani mnatumia kazini, na mnaifungua kwa programu ipi?

fundi_ghala

Wakuu habari zenu. Nisaidieni kabla sijagombana na watu. Mimi databesi nimejifunzia kwenye XAMPP, kile kifurushi kinachokuwekea seva na databesi kwenye kompyuta yako, unabonyeza Start mara mbili, unafungua phpMyAdmin (ukurasa wa kuendeshea databesi kwenye brauza), maisha yanaenda. Sasa niko kwenye timu ya watu wanne tunatengeneza mfumo wa ghala, mzigo umeingia, mzigo umetoka, nani kautoa, umebaki kiasi gani, na kwenye swala la databesi kila mtu ana dini yake. Mmoja anataka MongoDB, anasema tutaacha kusumbuka na majedwali. Kiongozi wa timu ni Postgres tu hasikii la mtu. Wa tatu yeye anaandika kwa ORM, maktaba inayomtungia amri za databesi yenyewe, huko chini kukiwa na nini anasema hakumhusu. Mimi nimebaki na MySQL yangu kama mtoto wa kambo.

Kilichowasha moto ni ripoti ya mwezi. Jedwali la mizigo lina mistari milioni mbili na ushee, ukiomba ripoti ya mwezi mmoja unasubiri sekunde 11, nimehesabu kwa saa. Kiongozi kaona hivyo kasema basi MySQL imeelemewa, tuhame.

Jambo la pili, jana nimekaa pembeni ya mwenzangu mmoja, jamaa hana phpMyAdmin wala nini, anaandika amri kwenye skrini nyeusi na majibu anayapata kabla ukurasa wangu haujafunguka. Nikajiona mshamba. Kwaiyo naomba kujua, nyie mnaokula mshahara kwa kazi hii mnatumia databesi gani na mnaingilia kwa programu gani? Na ni kweli MySQL ikifika milioni mbili inachoka?

jedwali_kwanza

Milioni mbili mkuu ni idadi ndogo, hata simu yako inaibeba. Hapo databesi inasingiziwa, ila hilo nawaachia wengine.

Mimi ni Postgres. Ghala ni hesabu, kuna bidhaa, kuna eneo, kuna mtu, na kila mzigo unaotoka unagusa vyote vitatu kwa mpigo. Hiyo ndo kazi ambayo databesi za majedwali ziliwaziwa tangu Codd wa IBM atoe andiko lake mwaka 1970. Unaandika CHECK (idadi >= 0), yaani sharti kwamba idadi isishuke chini ya sifuri, kwenye jedwali la salio na kuanzia hapo hakuna developa, hakuna skripti ya usiku, hakuna mtu mwenye usingizi atakayetoa mifuko 50 kwenye ghala lenye mifuko 40. Inakataa, basi. MySQL ilikuwa inaipokea hiyo CHECK kwa adabu zote halafu inaitupa, mpaka toleo la 8.0.16 mwaka 2019 ndo ikaanza kuiheshimu. Mimi nilikuwa nimeshahama.

Kingine ambacho hakisemwi sana ni pale unapobadilisha muundo. Postgres unaanza na BEGIN, unafanya ALTER (amri ya kubadili jedwali) kwenye majedwali matatu, la nne linagoma, unaandika ROLLBACK na kila kitu kinarudi kama hukugusa. Kwa MySQL kila ALTER inajikomiti yenyewe, yaani inahifadhiwa papo hapo, ukikwama katikati ndo uko katikati hivyohivyo, na kawaida inakuwa saa nane usiku.

Na siko peke yangu, kwenye ule utafiti wa kila mwaka wa Stack Overflow, ile tovuti ya maswali ya madevelopa, Postgres iliipita MySQL 2023, na 2024 karibu nusu ya waliojibu walisema wanaitumia.

hati_mbovu

Huyo mwenzako wa Mongo mlete tuongee kwa upole, mi nimetoka huko.

Kuna mradi tuliweka wateja wote kwenye Mongo. Mwanzo raha tupu, unatupa JSON (maandishi ya data, kila thamani na jina lake) inaingia, hakuna anayekuuliza swali. Baada ya mwaka nikatumwa nitoe orodha ya namba za simu. Nikakuta simu, nikakuta Simu kwa S kubwa, nikakuta namba_simu, kuna hati nyingine (hati ndo rekodi moja ya Mongo) simu ni orodha ina namba mbili ndani yake, na zingine zimehifadhiwa kama namba tupu kwaiyo ile sifuri ya mbele imeliwa. Yaani ule muundo tuliosema tumeukimbia ulikuwa umehamia kwenye vichwa vyetu, na sisi tulikuwa watu sita. Kazi ya kutoa orodha ya simu ilinichukua siku nne.

Alafu tukawa tunaongeza historia ya kila mteja ndani ya hati yake hiyohiyo, inakua inakua, na kwenye Mongo hati moja haitakiwi kuzidi MB 16. Unajua ni nani anagonga huo ukuta wa kwanza? Mteja mkubwa kuliko wote, yule ambaye bosi ana namba yake kichwani.

Sisemi ni mbovu. Data za vihisio, katalogi ambayo kila bidhaa ina sifa zake, fomu zinazobadilika kila wiki, huko inakaa vizuri, na ile kashfa kwamba haina miamala ya hati nyingi, yaani kubadili hati kadhaa kwa mpigo zote au hakuna, imepitwa, ipo tangu 4.0 ya mwaka 2018. Ila kama tatizo lenu ni hizo sifa za bidhaa tu, hata Postgres ina JSONB, aina ya kolamu ya kuhifadhi JSON, tangu 9.4 ya 2014, unaweka kolamu moja ya JSONB pembeni ya kolamu za kawaida, unaiwekea na indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka), hamna haja ya kuhamisha kijiji.

mysql_bado_ipo

Naona MySQL inapigwa na watu ambao hawajaigusa tangu toleo la 5.

Mleta mada, kwanza hiyo yako sio MySQL. XAMPP tangu 2015 inakuja na MariaDB, ni kitufe tu ndo bado kimeandikwa MySQL. Andika SELECT VERSION(), utajionea. MariaDB ni tawi alilolitoa Monty Widenius, mmoja wa waliotengeneza MySQL yenyewe, mwaka 2009 Oracle ilipotangaza inainunua Sun, na Sun ndo ilikuwa na MySQL mkononi. Majina yote mawili ni ya mabinti zake, mmoja My mwingine Maria. Zinafanana ila sio pacha tena. Kwa mfano hiyo CHECK ya jedwali_kwanza kwako inafanya kazi, MariaDB inaiheshimu tangu 10.2.

Kitu ambacho kweli tulikosewa ni utf8, ile namna ya kuhifadhi herufi. Kwa miaka mingi ukiandika utf8 ilikuwa inakupa baiti 3 kwa herufi na emoji inataka 4, kwaiyo mteja anaandika maoni yake vizuri, mwishoni anaweka kile ki-emoji cha kucheka, mfumo unatapika kosa lina \xF0\x9F ndani na wewe hujui hata pa kuanzia. Andika utf8mb4 kila mahali, usiulize.

Sasa lete hiyo kwiri ya sekunde 11, yaani amri yenyewe inayoomba ripoti. Usituhadithie, ibandike. Na weka neno EXPLAIN mbele yake, itakuonyesha databesi inavyoitafuta data, ubandike na majibu.

bibi_terminali

Nyote mmerukia databesi, swali la programu mmeliacha njiani. Haya.

Huyo mwenzako wa skrini nyeusi wanangu sio mchawi. Kama ni Postgres anatumia psql, inakuja na Postgres yenyewe, huinstoli kitu kingine. Ukiandika \d mizigo inakuonyesha kolamu zote, indeksi zote na majedwali yanayolitegemea. \x inageuza majibu yasomeke kwa kushuka badala ya kutambaa nje ya skrini. \timing inakwambia kwiri imechukua milisekunde ngapi, wewe ulikuwa unahesabu kwa saa. \e inafungua kwiri yako ya mwisho kwenye editori uirekebishe. Hizo nne zinatosha wiki ya kwanza. Na kinachomfanya awe mwepesi ni kwamba psql inafanya kazi hata ukiwa umeingia kwenye seva ya mbali ambayo haina dirisha hata moja.

Ila mimi nikitaka kuzurura kwenye data nisiyoijua nafungua DBeaver, ni ya bure, inafungua karibu kila databesi unayoijua na inakuchorea majedwali yanavyoshikana. DataGrip ya JetBrains ni nzuri kuliko zote kwa kukumalizia unachoandika, nimeitumia kazini walipokuwa wanalipa wao. HeidiSQL nyepesi kwa wa Windows. pgAdmin inafanya kila kitu ila mimi inanichosha kuisubiri ifunguke. phpMyAdmin usiione aibu, iko hapo tangu 1998, ila tafadhali isiachwe wazi kwenye seva ya prodakshen, yaani ile wanayoitumia wateja wenyewe, skana za wezi wa mtandaoni zinapita kila siku kuuliza kama ukurasa wa /phpmyadmin upo.

Na niwape kisa. Nilikuwa na hii kwenye DBeaver, imeunganishwa prodakshen:

UPDATE wateja SET hali = 'imefungwa'
WHERE id = 4417;

Nikaichagua kwa mausi, mkono ukaishia mstari wa kwanza. Ctrl+Enter. DBeaver inaendesha ulichokichagua, haikuulizi wa pili utauchagua lini. Kilichonishtua ni kusubiri, maana kubadili mteja mmoja hakusubirishi mtu. Nikahesabu moja, mbili, tatu, chini pakatokea idadi ya mistari iliyobadilika, ina tarakimu tano. Wateja wote wa ile kampuni wakawa wamefungwa, simu zikaanza kulia kabla sijasimama kwenye kiti.

Tangu siku ile koneksheni yangu ya prodakshen ina rangi nyekundu, auto-commit (kuhifadhi kila badiliko papo hapo) imezimwa, na ninaingia kwa akaunti ya kusoma tu, nikitaka kuandika naingia upya kwa akaunti nyingine makusudi ili nipate muda wa kujiuliza. Kwa nyie wa MySQL kuna swichi ya kwenye terminali inaitwa --i-am-a-dummy, yaani mimi ni mbumbumbu, sio utani iko kwenye maelekezo rasmi. Inakataa UPDATE na DELETE zisizo na WHERE ya maana. Mimi naiwasha na sioni haya.

faili_moja

Mbona SQLite hamuitaji? Richard Hipp aliitoa 2000, iko kwenye kila simu ya Android na kila iPhone, haina seva, haina poti, haina paswedi, ni faili unaibeba. Mleta mada kama watu wa ghala wanaskani mizigo kwa simu na mtandao unakatika, wekeni SQLite kwenye simu, ikusanye, mtandao ukirudi ipeleke kwenye databesi kubwa. Sisi tunafanya hivyo.

Angalizo mbili. Mwandishi ni mmoja tu kwa wakati mmoja, wengine wanapanga foleni, ukiwasha WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye logi ya pembeni) angalau wasomaji hawazuiliwi. Na ile ya kuzuia mzigo usielekee kwenye bidhaa ambayo haipo imezimwa mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua koneksheni. Mimi nilijua hilo nikiwa tayari nina mizigo yatima elfu kadhaa.

fundi_ghala

Aisee asanteni. Nimefanya mlivyosema. SELECT VERSION() imenijibu 10.4.32-MariaDB, miaka mitatu naandika MySQL kwenye CV.

Kwiri hii hapa, nimeitoa kwenye logi:

SELECT b.jina, SUM(m.idadi)
FROM mizigo m JOIN bidhaa b ON b.id = m.bidhaa_id
WHERE YEAR(m.tarehe) = 2025 AND MONTH(m.tarehe) = 3
GROUP BY b.jina;

EXPLAIN kwenye mstari wa m inasema type ni ALL, key ni NULL, rows 2104388. Kinachonishangaza indeksi ya tarehe ipo, idx_tarehe, niliiweka mwenyewe mwezi uliopita na haikusaidia hata sekunde moja.

mysql_bado_ipo

Mgonjwa kapatikana.

type ALL maana yake imesoma jedwali lote kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. key NULL maana yake hakuna indeksi iliyotumika. Indeksi yako imepanga tarehe nzimanzima kwa mfuatano, wewe huulizi tarehe, unaiambia ichukue kila tarehe, iitie kwenye MONTH(), itoe namba, ndo ilinganishe na 3. Hiyo namba haipo popote kwenye indeksi. Ni kama ghala lenu mmepanga maboksi kwa tarehe ya kuingia, halafu mtu anakuja kuuliza maboksi yaliyoingia siku za Jumatatu, itabidi ufungue yote.

Badilisha iwe:

WHERE m.tarehe >= '2025-03-01' AND m.tarehe < '2025-04-01'

Na usije ukaweka BETWEEN hadi '2025-03-31', kama kolamu ni DATETIME inasoma hiyo ni saa sita usiku kamili, mizigo yote ya mchana wa tarehe 31 haitahesabiwa na ripoti itaonekana nzuri tu. Nimeshaona watu wakitafuta mzigo uliopotea ghalani wiki nzima kumbe umepotea kwenye BETWEEN.

Ukitaka kuona muda halisi kila hatua, MariaDB unaweka ANALYZE mbele ya kwiri, MySQL kuanzia 8.0.18 ni EXPLAIN ANALYZE.

jedwali_kwanza

Nikiri tu mbele ya kadamnasi, kwiri hiyo ungeileta Postgres na EXTRACT badala ya MONTH ingekufanyia hivyohivyo, ungeona Seq Scan badala ya ALL. Mngehama na ugonjwa wenu kwenye begi. Bado nasema kama mfumo haujaingia prodakshen anzeni na Postgres, ila sio kwa sababu ya sekunde 11.

Alafu YEAR na MONTH pamoja hivyo, hiyo haijaandikwa na mtu. Mnatumia Laravel, ile fremuweki ya PHP yenye ORM yake?

fundi_ghala

Sekunde 0.2. Nimeiendesha mara tano nikidhani ni keshi, nikazima nikawasha, bado 0.2. EXPLAIN sasa inasema range, key ni idx_tarehe, rows elfu sabini na kitu.

Ndio mkuu ni Laravel, umejuaje. Nimefuatilia nimekuta whereYear na whereMonth, vifupisho vya Laravel vinavyozaa YEAR() na MONTH(), zimeandikwa na yule wa ORM, yule ambaye huko chini hakumhusu. Sijamwambia kitu, nimemuonyesha tu zile namba mbili, kanyamaza kidogo halafu kaniomba link ya DBeaver. Kiongozi naye kasema tubaki tulipo kwanza mpaka amalize kusoma huu uzi wote, na wa Mongo anauliza hizo siku nne za namba za simu ni kweli au hati_mbovu ametia chumvi.

hati_mbovu

Mwambie ni kweli, na nilipomaliza walisema walitaka za wateja hai tu.

bibi_terminali

Hongera mwanangu. Kabla hujaenda kusherehekea, bakapu mnafanyaje?

fundi_ghala

Ipo bibi, mysqldump kila usiku saa nane, inaandika faili kwenye foda. Niliiweka mwenyewe mwanzo wa mradi.

bibi_terminali

Umewahi kuirudisha hata moja ukaona inafunguka?

Sikuulizi kwa ubaya. GitLab, ile tovuti ya kuhifadhi kodi, tarehe 31 Januari 2017, mhandisi alifuta foda ya data kwenye seva ambayo siyo, kilichobaki kwenye karibu GB 300 ni mabaki. Wakakimbilia bakapu. Kumbe pg_dump (programu ya bakapu ya Postgres) iliyokuwa inaendeshwa ni ya 9.2 na databesi ni 9.6, kila siku ilikuwa inakataa na kutoka bila kuacha kitu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani kwahiyo hakuna aliyejua. Walipoteza data za kama masaa sita, na zilizobaki ziliokolewa kwa sababu tu mtu mmoja alikuwa amepiga nakala kwa mkono mapema siku hiyo kwa shughuli zake nyingine. Waliandika wenyewe hadharani kila kitu, ndo maana najua.

Nenda kwenye foda, angalia ukubwa wa faili ya jana.

fundi_ghala

KB 0.

fundi_ghala

Zote ni KB 0 tangu tulipobadilisha paswedi ya databesi. Narudi baadae wakuu.